UZI: Mashairi na muziki kwa vijana walioko kizuizini. Kinachowasaidia ni kujibiwa

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie mpaka mwisho kabla hamjachangia.

Tupac Shakur alipigwa risasi Las Vegas tarehe 7 Septemba 1996, akafariki siku sita baadaye. Kwetu alililiwa kwenye kaseti na kwenye vioo vya nyuma vya daladala, miaka na miaka. Ndani ya kizuizi cha watoto cha San Francisco kulikuwa na vijana waliomlilia vilevile, ila wao walikuwa nyuma ya mlango wa chuma na hawakuwa na wa kumwambia. David Inocencio, akishirikiana na mhariri Sandy Close wa shirika la habari la Pacific News Service, aliwapa nafasi ya kuandika waliyokuwa nayo moyoni kuhusu kifo kile. Maandishi yale ndiyo yaliyozaa jarida la The Beat Within.

Utaratibu wake ni huu. Kila wiki wawezeshaji wanaingia na mada mbili tatu. Vijana wanaandika, asiyetaka kuandika anachora. Karatasi zinatoka nje, zinachapwa, na chini ya andiko wahariri wanaweka jibu kwa aliyeliandika. Jibu lenyewe si ile "hongera, kaza buti" ya kumaliza mambo, linashika alichokisema. Kisha jarida linarudi mle mle ndani, kijana anakuta maneno yake yamepigwa chapa na chini yake kuna mtu mzima aliyeyasoma mstari kwa mstari.

Hoja yangu iko hapo hapo. Programu za uandishi na muziki kwa vijana waliofungwa ziko nyingi duniani, na nyingi zinapimwa kwa siku ya onyesho: wageni wamekaa, kamera zipo, kijana anaimba, watu wanafuta machozi. Nimekaa karibu na kazi hii, najitolea kwenye kituo kimoja cha kaunti huku Kalifornia, na naamini onyesho ndilo sehemu ndogo kuliko zote. Kijana anabadilika pale mtu anaposoma alichoandika, akarudi wiki inayofuata akiwa amekielewa, na akamuuliza swali la pili.

Lazima tukumbuke ule ulikuwa wakati gani. Mwaka 1995 msomi mmoja wa Marekani, John DiIulio, alitangaza kwamba kizazi cha vijana wakatili kupita kiasi kilikuwa njiani, na wanasiasa wakaidaka kauli hiyo. Kizazi hicho hakikutokea, uhalifu wa vijana ukashuka, lakini sheria zilikuwa zimeshakazwa. Kalifornia yenyewe ilipiga kura Machi 2000 na kumruhusu mwendesha mashtaka kumpeleka mtoto wa miaka 14 moja kwa moja kwenye mahakama ya watu wazima kwa makosa fulani. Mlango huo haukufungwa mpaka kura nyingine ya mwaka 2016. Karibu na mwaka 2000, siku yoyote ile, zaidi ya vijana 100,000 walikuwa kwenye vituo vya vijana nchini Marekani. Kufikia 2020 walikuwa kama 25,000.

Kwa hiyo mwaka 1996, wakati magazeti yanawaita vijana hao wanyama, kuna watu waliamua kuingia na penseli. Mwaka huo huo Los Angeles, Sista Janet Harris, aliyekuwa akitoa huduma ya kiroho kwenye Central Juvenile Hall, alianzisha madarasa ya uandishi ambayo leo yanajulikana kama InsideOUT Writers. Kwangu mimi ule ulikuwa ujasiri, na sioni neno jingine la kuuita.

Sasa niwaingize ndani kidogo. Kituoni kwetu penseli ni zile fupi za urefu wa kidole, zinahesabiwa mkiingia na zinahesabiwa mkitoka. Ikipungua moja, hakuna anayeondoka. Daftari la waya ni marufuku, tunatumia karatasi zilizobanwa kwa gundi. Gita likiingia ni la nyuzi za nailoni, na askari anazikagua. Wanaotaka kuchana hawasubiri chochote: mmoja anagonga meza kwa viganja, mwingine anafuata kwa mdomo, na mdundo upo. Tukibahatika tuna kompyuta mpakato isiyo na intaneti na spika moja.

Kijana mmoja wa miaka 16 aliandika mistari minane ya aina mnayoijua: hela, bastola, maadui. Vina vilikaa vizuri sana. Katikati ya hiyo mistari kulikuwa na nusu mstari kuhusu harufu ya vitunguu kwa bibi yake. Mwenzangu tunayefundisha naye hakumhubiria kuhusu bastola. Alimwandikia pembeni: "Bibi alikuwa anapika nini? Nani mwingine alikuwepo jikoni?" Wiki iliyofuata tulipata kurasa mbili zilizojaa pande zote. Maharage, redio iliyofungwa kwa gundi ya karatasi, binamu waliolala chini mpaka karibu na jiko, na mjomba aliyekuja usiku mmoja na hakuja tena. Ile ya bastola aliiacha mwenyewe, hakuna aliyemkataza.

Kuna hatari moja ya kweli. Kijana ambaye kesi yake haijaisha anaweza kujifunga kwa shairi. Waendesha mashtaka wa Marekani wamezoea kusoma mistari ya rapu mahakamani kama vile ni ungamo. Kesi ya rapa Young Thug kule Georgia iliwafanya wengi walijue jambo hili, pale jaji aliporuhusu baadhi ya mashairi yake yatumike mwaka 2023. Kalifornia ilipitisha sheria mwaka 2022 inayomtaka jaji aipime kwanza sanaa ya namna hiyo, jopo la raia wanaoamua kesi likiwa nje, kabla haijaitwa ushahidi. Hata hivyo sisi hatutegemei sheria. Kila darasa linaanza kwa sentensi moja: usiandike chochote kuhusu kesi yako, wala jina la mtu, wala mtaa wa kundi lako.

Karibuni tujadili.

Mtu wa Temeke

Mkuu, nimesoma mpaka mwisho kwa heshima yako. Ila nina kidonda. Mdogo wangu alipigwa nondo na vijana wa miaka 15, 16 hivi, wakamnyang'anya simu na pochi. Jicho moja halioni mpaka leo. Hao waliompiga wakiingizwa darasa la mashairi na gita, yeye aliyeko nyumbani na jicho moja nani anampelekea gita? Sibishani na wewe, nauliza kwa uchungu.

Mleta uzi

Pole sana ndugu yangu, na umfikishie mdogo wako pole yangu. Swali lako ndilo swali la kwanza ambalo kila anayefanya kazi hii anapaswa kuulizwa, na sitakuletea jibu la kukunyamazisha.

Madarasa haya hayapunguzi adhabu. Kijana anaandika Jumatano, Alhamisi anasimama mbele ya hakimu kama kawaida. Wala hayachukui nafasi ya anachodaiwa mdogo wako, yaani matibabu, fidia na mtu wa kumsikiliza. Serikali nyingi hazimpi aliyejeruhiwa hata kimoja, na hilo ni kosa lao lililo wazi.

Lakini fikiria hili. Yule aliyeshika nondo atatoka. Ana miaka 16, atatoka akiwa na 18 au 20, na atarudi mitaa hiyo hiyo. Vijana wengi ninaokaa nao hawawezi kusimulia walichofanya kwa sentensi tatu zilizoshikana, wanasema "ikatokea tu". Mtu asiyeweza kulisimulia tendo lake atawezaje kulijutia? Nimeona kijana akihangaika wiki kadhaa na barua ambayo haitatumwa kwa mtu yeyote, anafuta, anaandika upya, mpaka neno "ikatokea" likaondoka na "nili-" ikaingia.

Shirika la utafiti la RAND lilichapisha mwaka 2013 uchambuzi wa tafiti nyingi za elimu magerezani Marekani: waliosoma ndani uwezekano wao wa kurudi jela ulikuwa chini kwa asilimia 43 kuliko wasiosoma. Ni watu wazima na ni elimu kwa ujumla, siwezi kuuchukua ule utafiti niuite wa mashairi. Ninachosema ni kwamba kichwa kilichofanyishwa kazi ndani kinatoka tofauti na kichwa kilichokaa bure.

Mtu wa Temeke

Nimekuelewa mkuu. Kidonda hakijapona lakini nimekuelewa.

Mwl. Mstaafu

Mleta uzi, nakushukuru. Mimi nilifundisha miaka mingi, na nilipostaafu nikawa naenda na wenzangu wa kanisani kwenye kituo kimoja cha watoto walio katika mgogoro na sheria, mkoa sitautaja.

Wanajukwaa wengi hawajui kwamba kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 mtoto hapa Tanzania Bara hahukumiwi kifungo cha jela. Kuna mahabusi za watoto, Dar es Salaam, Arusha, Tanga, Moshi, Mbeya, wanakokaa kesi ikiendelea, na kuna shule ya maadilisho Irambo kule Mbeya kwa waliokwisha kupatikana na hatia. Kwa hiyo mtoto wa mahabusi ni mtoto ambaye bado hajahukumiwa. Hilo lituingie kwanza kabla hatujawaita majambazi.

Sasa nikuunge mkono kwenye hoja yako ya onyesho. Wageni tunakuja na sabuni, sukari, unga, katoni za maji. Watoto wanapangwa mistari, wanaimba "karibuni wageni". Picha. Risala. Tunaondoka kabla ya saa nane. Mara moja mtoto mmoja alinifuata mpaka kwenye gari akanipa karatasi iliyokunjwa, akasema, "Mwalimu, hii niliandika mwenyewe, soma ukifika." Ulikuwa wimbo, beti nne na kiitikio. Mizani ilikuwa sawasawa, nane kwa nane, bila kufundishwa na mtu. Ratiba ya wenzangu ilikuwa kurudi mwezi wa Desemba. Nilipanda basi wiki iliyofuata peke yangu. Nikamkuta, tukakaa chini ya mti, tukaupitia ubeti mmoja mmoja. Aliniuliza kwa nini ubeti wa tatu unakwama ukiuimba. Tukaona kina cha kati kimeruka. Akapiga makofi kwa furaha kama aliyefunga goli.

Hawa watoto wanaijua sanaa kuliko tunavyodhani. Kaswida wanazijua, kwaya wanazijua, singeli na bongofleva ndiyo usiseme.

Mleta uzi

Mwalimu wangu, shikamoo. Ulichoandika kimenigusa kuliko uzi wenyewe. Hicho kina cha kati ndicho nilichokuwa nahangaika kukieleza. Ulimchukulia kama mtunzi. Sabuni anahitaji, sikatai, lakini karatasi ile alikupa kwa sababu alitaka msomaji.

Binti Kakamega

Hamjambo nyote. Mimi niko Kenya. Huku tuna Borstal, yaani vituo vya kurekebisha vijana waliopatikana na hatia: Shikusa hapa kwetu Kakamega na Shimo la Tewa kule Pwani ni za wavulana, na wasichana wana Kamae, Nairobi. Mahakama inaweza kumpeleka kijana huko hadi miaka mitatu. Kwa muda mrefu wasichana hawakuwa na mahali pao kabisa, ndiyo maana nauliza: hizo programu unazosimulia ni za wavulana tu? Kila mfano ni rapu na bastola. Wasichana wengi wanaofika huko wametoka kwenye nyumba walizotoroka kwa kupigwa ama kunajisiwa. Ukimwambia "andika maisha yako" unajua unafungua nini?

Mleta uzi

Dada, umeuliza jambo zito na nitalijibu kwa kirefu.

Chicago kuna kundi la Storycatchers Theatre, lilianzishwa na Meade Palidofsky mwaka 1984. Kwa miaka mingi walifanya kazi na wasichana waliofungwa kwenye kituo cha vijana cha Warrenville, Illinois. Wanachofanya ni mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, unaotungwa kutokana na visa vya wasichana wenyewe. Jambo ninalolipenda pale ni kwamba kisa kikiingia kwenye mchezo kinakuwa cha kundi zima. Kinaweza kuchezwa na msichana mwingine, kikachanganywa na cha mwenzake, kikabadilishwa jina na mji. Aliyekisimulia anapata nafasi ya kukaa pembeni na kukitazama kikisemwa kwa mdomo wa mtu mwingine, na jamaa zake wakija kutazama hawajui kipi ni cha nani.

Hilo ni jibu la nusu. Nusu nyingine ni kwamba huna ruhusa ya kufungua usichoweza kukaa nacho. Sisi hatumwambii mtu "andika maisha yako". Tunasema andika kuhusu mlango, au viatu ulivyovipenda, au chakula cha siku ya sikukuu. Anayetaka kufika mbali atafika mwenyewe kupitia viatu. Na kabla penseli haijagawiwa wanaambiwa mapema: ukiandika kwamba unataka kujidhuru, unataka kumdhuru mtu, au kuna anayekudhuru, sitaweza kukaa kimya, nitamwambia anayehusika. Wanaheshimu sana kuambiwa hivyo kabla. Kuna wanaoandika wakijua kabisa kwamba kitafikishwa, na hiyo ndiyo njia pekee waliyoipata ya kusema.

Fundi Mitambo

Wakuu, mimi ni produsa, nina studio ndogo Mbagala. Nimeguswa. Naweza kubeba maikrofoni moja, kadi ya sauti na kompyuta nikarekodi vijana ndani, kisha tupandishe YouTube wapate mashabiki. Wakitoka wanakuta wana jina. Mnaonaje?

Mleta uzi

Kaka, moyo wako ni mkubwa, na kurekodi gerezani kwa vifaa vya kubebeka kunawezekana kabisa. Majirani zetu wa Malawi walifanya hivyo gereza la Zomba mwaka 2013, na albamu ile ya wafungwa na askari wao ikateuliwa kuwania Grammy. Ila wale walikuwa watu wazima.

Kwa mtoto, hiyo YouTube naomba uiache. Sheria inalinda utambulisho wake, na sauti ni utambulisho. Wimbo alioimba akiwa na miaka 15 kuhusu maisha ya ndani utamfuata akiwa na 27, anaomba kazi, anaposa, anampeleka mwanawe shule, na hakuna wa kuufuta. The Beat Within wanakwepa majina kamili kwa sababu hizo hizo. Rekodi, ndiyo. Mpe nakala siku anayotoka, iwe yake, aamue akiwa mtu mzima. Na mwandikie karatasi inayosema mashairi ni ya nani na mdundo ni wa nani, hata kama ni wimbo wa dakika mbili. Wengi hawajawahi kumiliki kitu chenye maandishi kwamba ni chao.

Na kama una muda, badala ya kurekodi tu, wafundishe kutengeneza biti. Kwenye studio kuna kusubiri, kuna kurudia, kuna kumsikiliza mwenzako anapokosea bila kumcheka. Nimeona vijana wa makundi hasimu, ambao chumba cha kulia lazima watenganishwe, wakigawana spika moja kwa sababu mmoja ana besi na mwingine ana kiitikio.

Fundi Mitambo

Nimekupata. Hiyo ya karatasi ya umiliki hata sisi wa mtaani hatuna, itabidi nianze nayo hata kwa wateja wangu.

Mama Wawili

Swali langu dogo. Kijana akishahamishwa au akitoka, si ndiyo mwisho? Mwanangu mkubwa alikaa ndani miezi kadhaa kabla kesi haijafutwa. Alikuwa anaandika sana kule. Alipotoka hakuna aliyemuuliza tena kuhusu daftari lake, likaishia kwenye begi.

Mleta uzi

Mama, hapo ndipo programu nyingi zinapoanguka, na walioliona mapema ni watu wa Washington, D.C. Mji ule ulifunga gereza lake la Lorton mwaka 2001, ikawa kijana wa kule akihukumiwa kama mtu mzima anapelekwa magereza ya serikali kuu, pengine majimbo ya mbali ambako mama yake hawezi kufika. Free Minds Book Club, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Tara Libert na Kelli Taylor, ilianza kama klabu ya vitabu na mashairi ya vijana wa jela ya mji, halafu ikaamua kuwafuata. Wanatuma vitabu na barua huko waliko. Kuna jioni ambazo wananchi wa kawaida wanakaa pamoja kusoma mashairi yao na kuyaandikia maoni kwa mkono, na maoni hayo yanatumwa gerezani. Akitoka, watu wale wale wanampokea, wanamsaidia kutafuta kazi.

Na mfano wa mtu mmoja: Reginald Dwayne Betts alikamatwa Virginia mwaka 1996 akiwa na miaka 16 kwa kupora gari kwa kutumia silaha, akakaa ndani zaidi ya miaka minane. Akiwa kifungo cha peke yake, mfungwa mwingine alimsukumia chini ya mlango kitabu cha washairi Weusi wa Marekani. Baadaye alisoma sheria chuo kikuu cha Yale, akawa mshairi na wakili, na mwaka 2021 akapewa tuzo ya MacArthur. Leo shirika lake, Freedom Reads, linapeleka makabati ya vitabu 500 ndani kabisa ya mabweni ya wafungwa. Simtaji ili tuseme kila kijana atakuwa Betts. Namtaja kwa sababu yeye mwenyewe anapeleka vitabu kule kule alikosukumiwa cha kwake.

Mama, lile daftari bado lipo? Kama lipo, na kama mwanao ataridhia, muombe akusomee ukurasa mmoja auchague mwenyewe. Usimsahihishe herufi. Muulize tu swali moja kuhusu alichokisoma.

Mama Wawili

Lipo. Nitamuuliza leo akirudi kazini.

Mwl. Mstaafu

Wako waliouliza pembeni waanzie wapi. Kwa uzoefu wangu: mahabusi za watoto ziko chini ya Ustawi wa Jamii, kwa hiyo nenda na barua kwa afisa ustawi wa jamii, eleza siku, saa na mtakachofanya. Chagua siku moja ya wiki na usiibadilishe. Msiende zaidi ya watatu. Usimuulize mtoto kaja kwa kosa gani. Beba karatasi na penseli, mkasi wa karatasi uuache nyumbani. Na kama kuna wiki hutaweza kufika, wajulishe wiki ya kabla yake, uwaambie ni lini utarudi.